Nilikata Mkia wa Namba, Nikapoteza Kaburi la Mke Wangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka sabini na mmoja, ni mgane, naishi Ipagala hapa Dodoma. Siku hizi situlii. Nikianza kunywa chai nainuka, nafika barabara kuu, narudi, natoka tena… Majirani wanadhani ni uzee. Si uzee.

Nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa msaidizi wa wapima ardhi hadi nilipostaafu. Namba nilizijua. Au nilidhani nazijua.

Mke wangu, Hadija, aliniachia wasia mmoja: kaburi lake lisijengewe saruji, liwe udongo mtupu kama makaburi ya wazee wake Kondoa. Nilitii, nikamzika hapa Ipagala. Lakini udongo wa huku, upepo na mbuzi wakishapita, haubaki na umbo. Ndipo binti yetu Rukia, aliyesomea kompyuta, alipoazima kipimo cha setilaiti, akapima kona zote nne za kaburi la mama yake. Akaandika na programu ndogo ya kuhifadhi namba hizo. Nilimsumbua hadi akanifundisha kuibadilisha.

Laiti asingenifundisha!

Namba ya kaskazini, ile inayohesabu mita kuelekea kaskazini, ilitokea kwenye skrini hivi: 9317464.370000001. Ule mkia uliniudhi. Sentimita thelathini na saba nilizielewa, lakini ile moja ya mwisho ilitoka wapi? Nikampigia simu.

"Kompyuta haiwezi kushika kila desimali sawasawa, baba," alisema. "Inaandika hivyo ili ikisoma tena irudi namba ileile. Usiuguse huo mkia."

"Mwanangu, nimepima viwanja kabla mama yako hajakuzaa. Namba chafu ni namba chafu."

"Haya, mpima viwanja. Ukipotea usinipigie."

Tulicheka. Kisha nikabadilisha amri ya kuandika, nikaweka fupi niliyoiona mtandaoni. Ikatoka 9.31746e+06. Nikafurahi kama mtoto, maana hiyo ndiyo namba ya kisayansi tuliyofundishwa shuleni. Nikahifadhi kona zote nne hivyo juu ya namba za zamani, za zamani zikafutika.

Sikuhesabu tarakimu. Amri ile hubakiza sita tu, na namba ya kaskazini huku kwetu ina saba kabla hata ya kufika kwenye nukta. Ile ya mashariki ina sita, kwa hiyo haikuharibika sana, na mimi sikushtuka. Ikisomwa tena ilikuwa 9317460; kwa kidole kimoja nilikuwa nimemsogeza mke wangu kusini zaidi ya mita nne. Makaburini, mita nne ni mtu mwingine.

Likaja tangazo kwamba barabara inapanuliwa, wenye makaburi wahamishe marehemu wao. Rukia alikuwa kazini Mwanza, hakupata ruhusa. Nikaazima kipimo kwa rafiki wa zamani, nikafuata namba za kona moja tu, nikawaonyesha vijana pa kuchimba. Niliwaambia wote waliokuja kuwa namba hazidanganyi.

Sasa, Hadija aliwahi kuvunjika paja, akawekewa chuma ambacho hakikutolewa hadi anakufa. Mifupa ilipokusanywa kwenye sanda nilikitafuta kwa macho. Hakikuwepo…

"Mzee Issa, ndiye?" sheikh aliniuliza.

Greda lilikuwa linanguruma pembeni. Mashemeji walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema subirini, nimekosea, tutafute upande huu na ule. Ni nini kilinizuia? Majivuno tu, ndugu zangu.

"Ndiye," nikasema.

Tukamzika Kondoa. Huku nyuma wakamwaga lami.

Rukia alipokuja kuzuru kaburi, aliuliza kama kile chuma tulikizika pamoja naye. Nikababaika. Akaomba kuona faili. Akapitisha kidole kwenye namba, moja baada ya nyingine.

"Baba, kona zote nne zina namba moja ya kaskazini. Hili kaburi lina upana gani? Sifuri?"

Nikamwambia yote, hata lile neno nililomjibu sheikh. Kosa la namba alinisamehe palepale. Lile neno bado. Hupiga simu, hunipa shikamoo, huniuliza kuhusu presha, hukata.

Wenzangu, hasa nyie mnaoandika programu, nawasihi. Namba mnayoiandika ni lazima irudi ileile ikisomwa. Ikitoka na mkia, iacheni na mkia wake. Mkitaka kuonyesha fupi, onyesheni fupi, lakini hifadhini nzima. Na mkiulizwa mbele za watu jambo msilo na hakika nalo, semeni sijui. Aibu yake ni ya siku moja.

Kule Kondoa namwombea mtu nisiyemjua, ambaye huenda ndugu zake walikuta shimo tupu. Na hapa Ipagala nasimama kando ya lami, nainua mikono, naomba dua. Halafu nasogea kidogo, naomba tena, kwa sababu sijui yuko wapi.