Dizeli Iliyopotea Njia ya Usinge

Saa nne na robo asubuhi, Jumanne ya pili ya mwezi Juni, gari la wagonjwa la kituo cha afya cha parokia kule Usinge lilikohoa mara tatu na kuzimika, kilomita chache kabla ya Usoke. Nyuma alikuwa amelazwa mama mjamzito aitwaye Sayi, anavuja damu. Tangi lilikuwa kavu, ingawa alfajiri ile lilitiwa lita hamsini za dizeli.

Lori la tumbaku lilisimama likambeba Sayi hadi Tabora. Alipona, na mtoto wake wa kike akapona. Daktari alisema wangechelewa nusu saa nyingine, asingeahidi kitu.

Siku tatu baadaye, saa tano asubuhi, gari hilohilo liliingia katika gereji ya fundi Veridiana Bukuru, mtaa wa Gongoni, Tabora. Aliyeshuka upande wa dereva alikuwa Plasidi Shigela, mzee wa miaka hamsini na nane. Upande wa pili alishuka Sista Katarina, mkuu wa kituo.

"Shikamoo, mzee Plasidi. Tumsifu Yesu Kristo, Sista," Veridiana aliwasalimu.

"Milele amina," Sista alijibu. "Fundi, nataka ukweli. Gari linakula mafuta au linaibiwa? Watu wa kituoni wanasema Plasidi anayanyonya na kuyauza njiani. Nisipopata jibu kufikia Jumatatu, nampeleka polisi."

Veridiana alimtazama mzee yule. Alikuwa amenyoosha mgongo, mikono nyuma, shati limepigwa pasi.

"Miaka kumi na tisa naendesha," Plasidi alisema. "Wazee wangu walikuwa wapagazi. Walibeba mizigo ya watu toka huku hadi pwani kwa miguu, ikafika kama ilivyofungwa. Leo mimi niibe mafuta ya mgonjwa?"

"Ulipofika Urambo hukuona mshale wa mafuta umeshuka?" Veridiana alimuuliza.

"Niliuona. Lakini mama anavuja damu, nisimame kujaza? Nikahesabu, nikaona nitafika. Kwa gari ninalolijua mimi, ningefika."

"Lilianza lini kula mafuta kupita kiasi?"

"Miezi miwili iliyopita, kidogo kidogo. Wiki tatu hizi limezidi mno."

Veridiana aliyaweka hayo kichwani. Alikuwa amezaliwa Ulyankulu, binti wa wakulima waliotoka Burundi, na ufundi aliusomea miaka minne akiwa msichana peke yake darasani. Hakuwa mtu wa kukisia.

Alianza na gari lenyewe. Upepo wa matairi ulikuwa pungufu, akajaza. Breki ya nyuma kushoto ilikuwa inashika, gurudumu linazunguka kwa shida, akaifungua, akaisafisha. Chujio la hewa lilikuwa na vumbi, lakini si la kutisha. Akawasha injini, akaisikiliza sauti yake kwa dakika tano. Moshi haukuwa mweusi. Nozeli za kupulizia mafuta zilikuwa nzima.

"Kwenye boksi hili kuna nini?" aliuliza, akigonga boksi refu la chuma lililofungwa kufuli chini ya benchi la nyuma.

"Spana na jeki," Plasidi alijibu. "Ufunguo anao Sylvester, msimamizi wa stoo. Alisema vifaa vinapotea. Yeye ndiye huliosha gari kila likirudi, hataki mtu mwingine aliguse."

"Leo amejua mnakuja?"

"Hajui," Sista alisema. "Alikuwa stesheni anapokea dawa. Niliamua asubuhi tu."

Siku ileile, saa saba, Veridiana alijaza tangi hadi shingoni, akaenda na Plasidi mpaka Urambo na kurudi. Aliendesha mwenyewe, mwendo wa taratibu, Plasidi akiwa pembeni. Walirudi saa kumi na moja, akajaza tena. Gari lile, kwa mwendo ule, lilipaswa kutumia lita ishirini na tatu hivi. Ziliingia arobaini na moja.

Plasidi alishika kichwa. "Basi gari ni bovu!"

"Subiri, mzee. Injini ikichoma dizeli ya ziada, moshi unasema. Huu ni msafi. Na kama breki na matairi ndiyo sababu, nimeshavirekebisha. Dizeli hii haichomwi. Inatoka tangini bila kupita kwenye moto."

Gari lililala gerejini. Jumamosi, saa moja asubuhi, Veridiana alipima tangi kwa kijiti chenye alama: halikupungua hata tone, na sakafu chini yake ilikuwa kavu. Kwa hiyo tangi halikuvuja, wala hakuna aliyenyonya usiku. Mafuta yalipotea injini ikiwa inazunguka tu. Na Plasidi asingeyanyonya akiwa ameketi pembeni mwa fundi njia nzima.

Alijilaza chini ya gari. Katika injini ya dizeli mipira ya mafuta ni miwili: mmoja hupeleka mafuta kwenye pampu, wa pili hurudisha tangini yale yaliyozidi. Alianza na ule wa kurudisha, akiupapasa kwa vidole sentimita kwa sentimita. Karibu na gurudumu la nyuma, vidole vilikutana na kitu kisichopaswa kuwepo: kiungio kidogo chenye umbo la T, na vibano viwili vipya. Mpira mwembamba ulitoka hapo ukapanda juu, ukaingia ndani ya lile boksi la kufuli.

Hakulivunja. Alikifungua kile kiungio tu, akaziba mpira, akakitia mfukoni na kutembea hadi mjini kwa Bi Gulshan, ambaye duka lake la vipuri alilirithi kwa baba yake.

"Hiki ni changu," Bi Gulshan alisema, akikigeuza kwenye mwanga. "Aliyekinunua alinichosha. Alitaka chenye tundu dogo kuliko vyote. Nikamwambia hicho hakipitishi kitu, akasema ndivyo anavyotaka. Mwezi wa nne."

"Ukimwona utamjua?"

"Fundi, mimi mteja msumbufu simsahau."

Jumatatu, saa nne asubuhi, walikutana gerejini: Sista Katarina, Plasidi, na Sylvester aliyeitwa kutoka Usinge, mtu wa miaka arobaini mwenye miwani ya jua. Bi Gulshan alikaa ofisini, nyuma ya pazia.

"Gari ni zima," Veridiana alianza. "Kuna mtu anayachepusha mafuta gari likiwa linatembea."

"Si nilisema!" Sylvester alimgeukia Sista. "Huyu mzee ni mwizi. Anajua magari, ndiye aliyefunga hiyo T."

Veridiana alimgeukia.

"T ipi, Bwana Sylvester?"

"Hiyo... uliyoisema."

"Mimi nimesema yanachepushwa. T sijaitaja. Sista hajaiona, na mzee Plasidi anaisikia sasa hivi." Alitoa kiungio mfukoni, akakiweka mezani. "Naomba ufunguo wa boksi."

"Nimeusahau Usinge. Na wewe mama, nani amekupa mamlaka ya kunihoji?"

Pazia likasogea. "Ndiye huyu," Bi Gulshan alisema. "Wa tundu dogo."

Sylvester alivua miwani. Akatoa ufunguo kwenye mfuko wa suruali. Ndani ya boksi, chini ya spana chache, mlikuwa na tangi bapa la bati lenye bomba la kumwagia, karibu kujaa dizeli.

"Kwanza niliweka dumu dogo," alisema kwa sauti ya chini. "Nina mashine ya kusaga. Watu wananisifu haizimi hata dizeli ikiadimika. Nikaona nisiaibike. Wiki tatu zilizopita nikaweka hili."

"Tundu dogo ili yatoke kidogo kidogo, pampu isishtuke," Veridiana alisema. "Safari fupi hakuna anayeona. Jumanne gari lilianza kumfuata mgonjwa kijijini, ndipo likaelekea Tabora. Safari ikawa ndefu, mafuta yakaendelea kuingia humu hadi tangi la gari likakauka."

"Sikujua kama kutakuwa na mgonjwa."

"Ni gari la wagonjwa, Sylvester!" Plasidi alifoka kwa mara ya kwanza. "Ulidhani litabeba nini?"

Sista Katarina alimsogelea yule dereva, akampa funguo za gari kwa mikono miwili, mbele ya mafundi wote waliokuwa wameacha kazi kutazama. "Nisamehe, baba," alisema. Plasidi aliinamisha kichwa, akazipokea.

Saa sita askari aliyeitwa na Sista aliwasili na daftari. Alitazama tangi, mpira na kiungio, kisha akaangaza macho kwa mafundi wanaume.

"Fundi aliyegundua yuko wapi?"

"Unaongea naye. Andika: Veridiana Bukuru."

Askari aliandika. "Haya. Hali ya gari?"

"Ni zima."

"Sababu ya kutumia mafuta kupita kiasi?"

"Mpira wa kurudisha mafuta ulichepushwa kwa makusudi."

"Kuna lingine?"

"Andika kwamba dereva ni mwaminifu."

"Fundi, hilo si la kiufundi."

"Nimekwenda naye Urambo na kurudi," Veridiana alisema, akifuta mikono kwa kitambaa. "Nimelikagua na hilo. Andika."

Askari akaandika.