Mkono Usiofika Sikioni

Asubuhi ile Kibaigwa ilikuwa shwari. Mvua ya usiku ilikuwa imelaza vumbi la malori ya mahindi, na Penina aliwapaka wanawe mafuta ili awapeleke kuandikishwa shule: Paskazia na mdogo wake, Matonya.

Ndugu zangu, mnakumbuka kipimo cha enzi zile. Wengi hatukuwa na vyeti vya kuzaliwa, basi mtoto alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Akigusa sikio la kushoto, umri umetosha. Mkono wa kulia wa Paskazia ulipooza kwa homa akiwa mchanga. Kila Januari mwalimu Gaudence alimrudisha. "Bado mdogo, mama. Mlete mwakani."

Mume wa Penina, Daudi, dalali wa mahindi tangu biashara ya nafaka iachiwe huria, hakulalamika. "Afadhali. Nilipe ada ili watu wamcheke binti yangu? Akae na wewe jikoni."

Penina alinyamaza. Hata yeye alikuwa ameanza kuamini kwamba binti yake ni mdogo.

Siku hiyo Matonya aligusa sikio, akaandikwa. Paskazia akainua mkono wa kushoto, akashika sikio la kulia na kulivuta hasa. Watoto wakaangua kicheko. "Kashoto! Kashoto!"

"Wa kulia, binti," alisema mwalimu Gaudence.

"Huo umelala, mwalimu. Ulioamka ni huu."

"Utaratibu ni wa kulia."

Penina alisogea mbele. "Mwalimu, huyu ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni. Mdogo ametosha, mkubwa hajatosha?"

Mwalimu aliwatazama wote wawili. Dada alimzidi mdogo wake kichwa kizima.

"Ana miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Mbona hukusema, mama?"

"Hukuuliza. Nami nikanyamaza."

Akamwandika. Paskazia aliketi darasa la kwanza, magoti yakigonga dawati, wakati wenzake wa rika wako darasa la tano. Kusoma alijua upesi. Miaka ile haikurudi.

Funzo

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, wala Daudi hakumchukia mwanawe. Utaratibu, haya na ukimya wa nyumbani vilitosha kumweka mtoto nje. Mtoto mwenye ulemavu asipofikia kipimo, tukichunguze kwanza kipimo chenyewe. Na wazazi tuseme mapema, tusingoje mpaka mdogo wake ampite.