Dakika Tatu za Kompyuta Kuukuu

Saa 4:10 asubuhi. Chumba cha nyuma ya gereji.

"Umeme ukikatwa, milango ya ghala inafunguka," Fundi alisema, macho sakafuni. "Jenereta litawaka lenyewe, na kompyuta nayo. Lakini ni kuukuu. Programu inayoamuru milango ijifunge inapewa sekunde thelathini iwe imeamka. Haiwahi. Kompyuta inakata tamaa, milango inabaki wazi mpaka mtu aiwashe programu kwa mkono."

Hilo lilikuwa kweli mpaka jana jioni.

"Na mlinzi?" Chuma aliuliza.

"Saa saba huenda kula."

"Akirudi mapema, tutamlaza kama yule wa mwezi jana," Bosi alisema.

Yule wa mwezi jana hajatembea tena. Mlango wa wizi ule pia, Fundi ndiye aliyewaonyesha.

Kaka yake Fundi, dereva wa kundi, alimkonyeza. "Tulia, dada yangu mdogo. Sisi wawili ni watu wa garini."

Kwa ajili ya mlinzi yule, jana Fundi, alipoitwa ghalani kuisafisha kompyuta, alibadilisha namba moja. Sekunde thelathini zikawa dakika tatu. Bosi na Chuma wangenaswa ndani. Kaka angekuwa nje, kwenye usukani.

Saa 7:02 mchana. Garini, nje ya ghala. Chuma alikata umeme. Bosi akamgeukia kaka.

"Shuka. Utabeba na Chuma. Naendesha mimi."

"Mimi dereva tu, Bosi."

"Nimekuomba au nimekwambia?"

Bastola ilikuwa pajani kwa Bosi. Fundi alifungua mdomo.

"Kaka," alisema, "fanya haraka."

Saa 7:04. Jenereta likanguruma.

Saa 7:07. Milango ikajibamiza. King'ora kikalia. Simu ya Bosi ikaita. Akaiweka kwenye spika.

"Milango imejifunga," kaka alihema.

Bosi alimwelekezea Fundi bastola. "Dada yako alisema hiyo takataka haiamki!"

Kaka ndiye aliyemfundisha Fundi kompyuta, tangu vidole vyake havijafika kwenye herufi zote. Alijua ni kazi ya Fundi.

"Ni mimi, Bosi. Nimeiwasha kwa mkono. Nilidhani ni swichi ya taa."

"Mpumbavu wewe!"

Bosi alikata simu, akaondoa gari kwa kasi. Baada ya kona ya tatu alimrushia Fundi chupa ya maji.

"Kunywa. Pole kwa kaka yako. Lakini wewe umefanya kazi yako."

"Asante, Bosi," Fundi alisema.