Kijiti cha Hamsini

“Ukirudia hayo maneno yako ya miguu, usikanyage tena upande wangu wa ua!”

Ndivyo alivyoniambia wifi yangu Cuilan, jana, mbele ya majirani, beseni la unga mkononi. Akaongeza, “Hujui kusoma hata jina lako, leo utanifundisha mimi kusoma vijiti?”

Haya. Kusoma sijui, kweli. Lakini miguu naijua. Hiki kijiji kizima nimekishonea viatu vya kitambaa tangu ujana wangu, na mguu wa mtu nikiushika mara moja siusahau mpaka nife. Kaa hapo, Mama Shen, basi la mjini bado. Sogeza hivyo vitunguu saumu vyako, nikae na mimi. Nikueleze toka mwanzo, maana nina jambo la kukutuma.

Unaijua kazi ya Cuilan ya kupiga ramli. Vile vijiti alirithi kwa marehemu mumewe, na vijana wanakuja mpaka kutoka mjini na simu zao, wote na swali lile lile: ananipenda, hanipendi, atanioa, hanioi? Vijiti ni hamsini, vya ule mmea mrefu wa maua meupe. Kimoja anakilaza pembeni, hakifanyi kazi, kinakaa tu kama mgeni wa heshima. Vilivyobaki anavigawa huku na huku, anahesabu vinne vinne, mpaka apate mistari sita. Anaichora kutoka chini kwenda juu, kisha anafungua kitabu cha marehemu na kueleza.

Sasa, mwaka huu kabla ya siku ya kufagia makaburi, alikalia kijiti kimoja kikavunjika. Si unajua alivyonenepa? Hamsini pungufu ya kimoja haifai. Tulipokwenda makaburini akabeba mundu, akarudi na kijiti kirefu, kimenyooka kama kimepigwa rula. Nikamuuliza, “Umekitoa wapi?” Akasema, “Makaburini, kwani wapi pengine?” Hapo nilikosea mimi. Sikuuliza kaburi la nani. Na hebu fikiria, mwenzangu: kaburi linalofagiliwa kila mwaka, majani yake yanapata wapi muda wa kurefuka hivyo?

Mtu wa kwanza kupigiwa ramli kwa kijiti kipya alikuwa mjukuu wangu, Ruoqing. Alikuwa na mchumba wake, Hongtao, yule dereva wa lori, mcheshi, anayekula tambi bakuli tatu. Nilikuwepo. Cuilan akahesabu, akachora, akapiga paja.

“Ngurumo juu, ziwa chini. Hii ndiyo alama ya bibi harusi! Unaolewa, mtoto.”

“Na Hongtao, bibi?”

“Vijiti havitaji jina. Kwani unao wangapi?”

Tukacheka wote watatu. Katikati ya kicheko nikasikia harufu ya tope. Si tope la mvua, la. Tope la chini ya bwawa, lile linalopanda ukitia jiti ukikoroga. Nje jua kali, unga wa watu umeanikwa. Nikadhani ni mfereji.

Siku ya pili akaja Mzee Fang, anataka kumuoa yule mjane muuza tofu. Ngurumo juu, ziwa chini. Akaja msichana anauliza amwache bwana wake au asimwache. Ngurumo juu, ziwa chini. Watu saba wakaja, jibu likawa hilo hilo moja, na kila Cuilan alipochora mstari wa mwisho kulisikika ngurumo, mbali, kavu, na mbingu nyeupe haina hata wingu. Mimi nikamwambia, “Wifi, acha hiyo kazi kidogo.” Akanijibu, “Mwaka wa harusi huu! Kama unaona wivu, sema.”

Ruoqing naye akabadilika. Simu ya Hongtao inaita, anaitazama tu. Akaanza kushona soli za kitambaa za kutia ndani ya viatu, zile anazomshonea mchumba kila msichana wa kwetu, na maua mawili mekundu. Nilifurahi kwanza. Kisha nikaichukua moja nitazame mshono. Ilikuwa baridi, na ilikuwa ndogo. Shubiri yangu na vidole viwili. Hongtao ana mguu kama koleo, shubiri na vidole vinne na bado kisigino kinabaki nje.

“Ya nani hii?”

“Ya mume wangu.”

“Hongtao huu mguu aliuacha akiwa shule.”

Hakucheka. Akaniwekea kidole mdomoni, kidole chenyewe kimekunjamana kama cha mtu aliyefua siku nzima, akaninong’oneza, “Bibi, polepole. Yuko ukutani, anasikiliza.” Nikageuka nikatazama ukuta, na mchana ule ule, jogoo anawika, nikaona ukuta umelowa kutoka chini kwenda juu, mstari, na mstari, na mstari, mitano, na wa sita unapanda taratibu mbele ya macho yangu, na wa chini kabisa unatoa maji membamba yanayotambaa sakafuni kufuata miguu ya mjukuu wangu, naye badala ya kuvuta miguu akavua kiatu akayasogelea.

Nilimkokota nje kwa nywele. Sikuona aibu.

Shubiri na vidole viwili. Nilikaa kwenye ngazi nikawa nairudia, mkono wangu unaikumbuka kabla ya kichwa. Nikaenda mbio na ile soli kwa mama yake Degui, yule kijana aliyezama bwawani miaka tisa iliyopita, hajaoa. Alikwenda sandukuni akatoa viatu vilivyokutwa ukingoni, viatu nilivyovishona mimi. Soli ikaingia, ikakaa, kama vidole vilikuwa bado mle ndani vinaipokea. Yule mama akapiga magoti.

“Amekuwa akinililia ndotoni, dada. Ananiambia, ‘Mama, nimepata mchumba.’”

Nawe unajua aliyekufa bila mke kwetu hazikwi pamoja na babu zake. Degui yuko kule pembeni, penye mtaro, hafagiliwi na mtu.

Nikarudi kwa Cuilan. “Kile kijiti ulikikata wapi?” Akabisha, akatukana, akalitaja mpaka kosa langu la mahari ya mwaka ule. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, “Pale pembeni. Vilikuwa virefu, wifi. Pengine pote vimefyekwa.” Tukamwaga mfuko wa vijiti. Arobaini na tisa vimekauka kama mifupa. Kimoja kimetoa jani.

Hatukungoja. Tulikirudisha kaburini alasiri ile ile, mama yake Degui akamletea mwanawe bibi harusi wa karatasi, ana mashavu mekundu na jina lake mwenyewe, tukamchoma pamoja na soli. Soli moja. Nilimuuliza Ruoqing, ya pili iko wapi? Akasema imepotea. Harufu ilikwisha, ukuta ukakauka, mtoto akala, akampigia Hongtao simu wakalia wote wawili. Nikaridhika. Walioana, wakahamia mjini. Ulikuja harusini, ulikula.

Juzi wamekuja kunisalimia. Hongtao alipovuka kizingiti kiatu chake cha kushoto kikamtoka, kikabaki nyuma, akacheka, “Bibi, viatu vya siku hizi vinapanuka!” Amevijaza magazeti. Alikula bakuli moja tu, hakumaliza. Akakanyaga matofali ya ua kwa ule mguu mtupu, na jua lote lile, alama ikabaki imelowa. Nilingoja wageuke, nikainama na magoti yangu haya, nikapima.

Shubiri na vidole viwili.

Na ndani ya kile kiatu, chini ya magazeti, niliona ua jekundu.

Walipoondoka, Hongtao hakupita njia ya stendi. Alizunguka kule kwa mama yake Degui, akasimama langoni, na mbingu nyeupe vile ikanguruma.

Nikimpigia Ruoqing, anapokea mumewe. “Bibi, amelala.” Kila saa amelala. Cuilan hataki kusikia, anaogopa watu wataacha kuja. Basi nakutuma wewe, Mama Shen, duka lako liko mlango wa pili na kwao. Shika uzi huu. Nimeufunga mafundo mawili, katikati ni mguu wa Degui. Mpe Ruoqing mkononi, si mbele ya mumewe. Mwambie ampime mguu wa kulia, ule usio na soli. Mguu ukizidi fundo, achomoe ile soli kiatuni aichome hapo hapo. Lakini kama unalingana na uzi, asiguse kiatu, asichukue nguo, asiage. Apande basi aje kwa bibi yake.

Haya, basi hilo linapiga honi. Utamwambia, mwenzangu? Neno kwa neno, mwambie.