Tangi la Lita Hamsini

Nikiri mapema: mimi ni mtu wa kutongozwa na mashine. Nimeendesha malori miaka ishirini na minane, kutoka bandarini hadi Kampala, Kigali, Juba, mpaka Lubumbashi, ambako nilikula nyama ambayo hadi leo sijaambiwa ilikuwa ya mnyama gani. Nimeona mengi. Lakini nioneshe kitu chenye mota na mkanda, nalainika kama tende.

Nilikuwa natafuta mashine ya kujazia upepo ya kuweka nyumbani kwangu, Utange. Si kwa anasa. Mke wangu Mwanarusi ana pumu, na ikimshika, pikipiki yangu ndiyo ambulensi. Nampakia nyuma, namfunga kiunoni mwangu kwa leso, twashuka hospitali. Ramadhani iliyopita ilimshika alfajiri. Natoka mbio, nakuta tairi la nyuma limelala bapa kama chapati. Nikaisukuma pikipiki na mke juu yake, kilomita mbili, huku namtolea vichekesho ili asijue kwamba nalia. Aliponea chupuchupu. Nikaapa kwamba upepo sitauomba tena kwa mtu.

Fundi wangu, kijana wa Kikamba aitwaye Kyalo, alinipa somo zima.

"Buda, hizi ndogo za lita ishirini na nne, zile hazitumii oili, ni poa kwa tairi na kupuliza kabureta. Lakini kelele yake, majirani watakuhamisha."

"Na spana ya upepo je? Nataka kufungulia ile nati ya sproketi ya mnyororo."

"Spana ya upepo inakunywa upepo kama ngamia. Hiyo ndogo itazimia kabla nati haijatikisika. Tafuta ya mkanda, lita hamsini. Na ukipata iliyotumika, iache ijae, izime, uangalie geji. Mshale ukishuka, tangi limeoza. Usinunue."

Ni yeye aliyenielekeza kwa mjane mmoja Mwakirunge, Mama Mbeyu, aliyekuwa akiuza mashine ya marehemu mumewe.

Nilifika magharibi inaingia. Vumbi la machimbo ya mawe limetanda juu ya majani, jeupe, kama unga. Moshi wa jaa la taka unapita chini chini. Nikapiga hodi.

"Karibu, baba," sauti ikajibu. Ya chini. Kama ndani kuna mgonjwa amelala.

Mashine haikuwa nje wala bandani. Ilikuwa chumbani, kando ya kitanda, imefunikwa nguo tatu. Nyeupe, nyekundu, nyeusi, rangi za waganga. Na mimi, kwa akili zangu nyingi, nikadhani ni kwa ajili ya vumbi.

Alipozifunua, nilitabasamu kama bwana harusi. Mkanda mzima, magurudumu mazima, tangi halina hata kutu. Mshale wa geji umesimama kwenye themanini.

"Umeijaza leo?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Nikatafuta soketi ukutani. Hapakuwa na soketi. Juu, mahali pa taa, palining'inia waya mtupu.

"Umeme tulikatiwa kabla mume wangu Garama hajafa," akasema. "Mwezi wa kumi na nne huu."

Miezi kumi na minne, na mshale haujashuka! Kyalo angelibusu tangi lile. Wallahi sikujiuliza jambo lingine lolote.

"Na kwa nini unaiuza, mama?"

Akaitazama mashine, si mimi.

"Nimechoka kulala nayo."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinisaidia kuifunga kwenye pikipiki, kisha akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Jaza upendavyo. Tumia upendavyo. Lakini ile koki ya chini... usiifungue."

"Mama, tangi lolote hushika maji. Yasipomwagwa, chuma huoza."

"Hilo halina maji," akanong'ona.

Njiani, penye matuta ya Mwakirunge, nilisikia nyuma yangu kitu kama mtu anasafisha koo. Mara mbili. Nikajiambia ni chuma kinapoa. Mtu mzima hakosi neno la kujidanganya.

Kesho yake, alasiri inaishia, niliitoa mashine uani. Nilikuwa nimeshaifungua kabureta ya pikipiki, vipande vyote juu ya meza, jeti, vile vitundu vya petroli, zimeziba kwa takataka. Ilikuwa siku ya kuzipuliza. Mwanarusi alikuwa jikoni anapika wali wa nazi, akinirushia maneno kupitia dirishani.

"Umeleta mke wa pili, weye! Jana usiku kucha waisifu, leo waipangusa. Mimi lini ulinipangusa?"

"Wewe huna magurudumu, mama watoto."

"Ungekuwa na adabu ungenitia magurudumu!"

Nikacheka. Na katika kucheka huko, mkono wangu ukaenda chini ya tangi.

Hapa nieleweke. Dereva wa lori haliwashi gari asubuhi kabla hajamwaga maji ya matangi ya upepo wa breki. Unaingia chini ya trela, unavuta, psss, unatoka. Miaka ishirini na minane. Mkono hauulizi ruhusa ya kichwa. Onyo la yule mama nilikuwa nalo, limekaa kichwani vizuri kabisa. Lakini mkono hauna masikio.

Nikafungua koki.

Hayakutoka maji.

Haukutoka upepo wa baridi, mkavu, kama utokavyo kwenye tangi. Kilichotoka kilikuwa cha vuguvugu. Kina unyevu. Kinanuka tumbaku ya kunusa na dawa ya kuchua kifua. Na hakikulia psss.

Kililia... haaaaah.

Kirefu. Kama mwanamume aliyetua gunia baada ya safari ya mbali.

Miguu yangu ikawa myeupe. Nikainama kutazama. Vumbi la mawe.

Mshale ulikuwa kwenye sifuri. Ua likanyamaza. Hata kunguru.

Nikafunga koki, nikajikohoza kiume, nikanyoosha mkono kwenye swichi. Sikuigusa. Sikuwahi kuigusa. Waya ulikuwa bado umekunjwa chini.

Na mshale ukapanda.

Sifuri... mbili... tano.

Jikoni mfuniko ukaanguka.

Nilimkuta Mwanarusi amepiga magoti, mkono kifuani, macho yamemtoka. Ile filimbi ya pumu ninayoijua, lakini mara hii haikuwa ikiingia na kutoka. Ilikuwa ikitoka tu. Nikampa inhela yake. Akavuta mara nne. Kama anavuta ukuta. Nikampigia mtu wa tuktuk, akasema yuko Bamburi, dakika ishirini. Pikipiki yangu, ambulensi yangu, ilikuwa vipande kumi na saba juu ya meza.

Kupitia dirishani niliiona geji. Kila filimbi moja ya Mwanarusi, mshale unaruka. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na tano.

Nikampigia Mama Mbeyu. Hakusema hata haloo.

"Umefungua."

"Mkono umefungua, mama. Si mimi."

"Ametoka?"

"Nani?"

Kisha nikasikia analia, kilio cha chini, cha mtu aliyeondolewa mzigo mabegani.

"Garama wangu," akasema. "Vumbi la machimbo lilimmaliza kifua. Mganga akamwambia pumzi yake aitie pasipovuja. Akaishi miaka miwili madaktari hawaelewi. Siku mwili wake ulipoanguka... tulimzika mshale ukiwa themanini, baba. Kila usiku nikimsikia humo ndani. Sikuthubutu kumfungulia."

"Mama, mke wangu anakufa!"

"Ana kifua?"

"Ana pumu!"

"Yallah." Sauti yake ikadidimia. "Halikai tupu, lile. Linaanza na pumzi dhaifu iliyo karibu. Mpaka lipewe pumzi ya mwingine, kwa hiari yake."

"Vipi?"

"Kwa mdomo. Penye mpira wa kutolea upepo."

Ningeweza kuwaambia nilitafakari. Sikutafakari. Nilimtazama mwanamke ambaye amenisubiri nirudi kutoka kila mpaka wa Afrika hii, midomo yake inageuka rangi ya zambarau, na bado ananipungia mkono kwamba nitoe sufuria motoni, wali usiungue.

Nikatoka uani. Ishirini na nane, geji inasema. Nikautia mpira mdomoni. Ulikuwa na ladha ya tumbaku.

Nilikusudia kupuliza.

Sikupuliza. Nilivutwa.

Ilianzia chini kabisa, mahali ambapo sikujua nina pumzi. Ikaondoka kama uzi unavyoondoka kwenye nguo, laini, bila kuumiza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Masikio yakaziba. Uwanja ukawa mweusi pembezoni. Nikajaribu kuutoa mpira, mikono ikakataa. Nikaanza shahada moyoni, nikaifikisha nusu...

Ukaniachia.

Mshale ulikuwa kwenye thelathini na tano. Umetulia. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza, na kutoka jikoni nikasikia sauti tamu kuliko zote nilizowahi kusikia.

"Jafar! Wali umeungua!"

Hospitalini, tuktuk ilipotufikisha, daktari alimpima Mwanarusi mara mbili, akabadilisha kipimo akidhani kimeharibika. Mapafu kama ya msichana, akasema. Kisha akaniona mimi nimeshika ukuta, akanilaza, akanisikiliza mgongoni. Alisikiliza muda mrefu.

"Mzee, umewahi kufanya kazi machimbo ya mawe?"

"Mimi ni dereva."

"Hata zamani?"

Alinionesha picha ya eksirei. Kifua changu kilikuwa na madoa meupe, kama ukuta uliorushiwa chokaa.

Ni miezi mitatu sasa. Mwanarusi hajaigusa inhela. Anapanda ngazi anaimba. Mimi nikifika ngazi ya tatu naomba kiti, na namwambia ni uzee, naye anasema uzee gani uliokuja siku moja kama posa. Sijamweleza. Kyalo amekuja mara mbili kutaka kuinunua mashine, nikamfukuza. Kuiuza siwezi, kwa kuwa mwenye kuinunua naye ana mikono. Kuifungua siwezi, kwa kuwa namjua atakayelipa. Nimeifunika shuka zangu mwenyewe, rangi yoyote iliyopatikana, na kila asubuhi nafunua pembe moja nisome geji.

Thelathini na nne mwezi wa kwanza. Jana, thelathini na moja.

Inavuja.

Basi jana jioni nilifanya kile afanyacho fundi yeyote. Nikakoroga sabuni ya unga kwenye maji, nikapaka povu kila kiungo: penye mpira, penye geji, penye koki. Povu huvimba penye tundu, ndivyo unavyolijua. Nikatulia. Nikapiga magoti, sikio karibu na chuma.

Hakuna kilichovimba.

Kisha, tumboni mwa tangi, mahali pasipo na kiungo wala mshono, povu likafanya shimo dogo. Halikutoka nje. Likavutwa ndani. Likaachiwa. Likavutwa tena... taratibu... taratibu...

"Jafar," Mwanarusi akaita kutoka dirishani. "Mbona wahema hivyo huko nje?"

Sikumjibu. Tangu nilipopiga magoti nilikuwa nimebana pumzi, ili nisikie vizuri.