Chumba cha Maganzo

"Tausi, yule mtorosha almasi amepanga chumba kwa mtandao. Ndege ya kumchukua inatua saa nane mchana. Tafuta ni chumba kipi."

Simu ikakatika.

Saa tano kamili. Scolastika, ambaye makao makuu walimwita Tausi, alivuka barabara hadi duka la kompyuta la Hozefa. Mwaka ule wa 1999 mtandao ulikuwa bado mgeni Shinyanga. Modemu ililia, ikakoroma, ikanyamaza.

Ukurasa ukafunguka: vyumba vya wataalamu wa migodi, Shinyanga hadi Geita. Picha zilishuka polepole, mstari kwa mstari.

"Dada, unatafuta cha familia?" Hozefa aliuliza.

"Cha mtu mmoja."

Miaka tisa alikuwa akijibu hivyo, gesti baada ya gesti, kila mara kwa jina jingine. Chumba kimoja cha Geita kilikuwa na baraza na viti viwili. Alikitazama kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Angekaa na nani?

Akabonyeza, kikapita.

Vitatu vilikuwa vimeandikwa KIMEPANGWA. Cha Shinyanga kilikuwa ghorofani. Cha Kahama, katikati ya soko. Cha Maganzo: "Kitanda kimoja. Nyuma kuna uwanja uliosafishwa, mita mia sita."

Kitanda kimoja. Uwanja wote huo wa nini?

Wa kutua ndege ndogo, Cessna.

Pikipiki yake ya Yamaha ilifika Maganzo saa nane kasoro dakika kumi na tano. Mwenye nyumba, Mama Eufrasia, alikuwa akianika mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mpangaji wako yuko wapi?"

"Voss? Yuko uwanjani na begi lake. Hata kuaga hajaniaga."

Mngurumo ulisikika upande wa magharibi. Ndege ndogo, nyeupe, ikishuka.

Bastola haishushi ndege. Scolastika akageuka. Zizini walisimama ng'ombe thelathini.

"Mama, niazime ng'ombe wako. Yule ni mwizi."

Mama Eufrasia hakuuliza la pili. Alifungua zizi, akapiga mluzi mkali, na kundi zima likamwagika uwanjani.

Cessna iligusa vumbi, ikanyanyuka, ikazunguka mara moja.

Ikaondoka.

Voss alitupa begi, mkono ukaenda kiunoni. Akakuta bastola ya Scolastika, Makarov, ikimtazama usoni.

"Mikono juu."

Ndani ya begi, chini ya mashati, zilikuwemo soksi sita zilizojaa almasi. Polisi walipomchukua, Mama Eufrasia alimshika Scolastika mkono.

"Kaa ule, mwanangu. Ugali uko jikoni."

Alitaka kukaa. Mungu anajua alitaka.

Redio yake ya Motorola ikakwaruza. "Tausi, kazi nzuri. Nenda nyumbani, upumzike siku mbili."

"Nyumbani wapi?"

Redio ikakwaruza tena.

"Rudia, Tausi. Hatujakusikia."

"Nimepokea," alisema.

Akavaa miwani ya jua, akawasha pikipiki, akashika barabara ya vumbi kuelekea Kishapu, kwenye gesti nyingine. Hakuwa na haraka.