Sauti ya Bibi Yunis Kwenye Flashi

Jioni nyumbani kwa kina Hosiana, mtaa wa Lyamkena mjini Makambako, kazi zilikuwa na mpangilio wake. Hosiana alirudi kutoka shuleni, akavua sare, akateka maji, akamenya viazi na kuwasha jiko la mkaa. Akimaliza yote hayo ndipo aliporuhusiwa kuondoa kitambaa kilichofunika kompyuta sebuleni. Kitambaa hicho mama yake alikifuma kwa mkono, kikawa na maua mekundu pembeni, na kompyuta ile iliheshimiwa kuliko hata kabati la vyombo.

Tuseme ukweli, ilikuwa kompyuta kuukuu. Baba yake, Mzee Nathanieli, muuza mbao karibu na reli, aliinunua kwenye ofisi moja iliyokuwa ikihama. Ilichelewa sana kuwaka, hata Hosiana alikuwa akiiwasha kisha anakwenda kusonga ugali. Lakini ilicheza nyimbo za kwaya vizuri, na Hosiana, mwanafunzi wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa fundi wake. Hakuna mtu mwingine pale nyumbani aliyethubutu kuigusa.

Jumatatu hiyo baba yake alirudi na flashi iliyofungwa kwenye pindo la leso. Aliifungua taratibu na kumkabidhi.

"Shangazi yako ameileta kutoka Njombe," alisema. "Humu mna maneno ya bibi yako. Alirekodiwa na mpiga picha wa harusi alipokuwa anaumwa. Baba yako mdogo Haruni anakuja Jumamosi. Tukishasakafia kaburi na kuweka msalaba, tutakaa hapa tuyasikilize. Haya ni maneno ya nyumbani, Hosiana. Hakikisha yanacheza."

Hosiana alielewa uzito wa jambo lile. Bibi Yunis alipofariki mwaka uliopita, Baba mdogo Haruni, dereva wa lori, alikuwa amekwama Zambia na gari bovu. Alifika watu wameshazika. Tangu siku ile hakuwa yule Haruni wa utani na vicheko. Akija alikaa kidogo, akanywa chai, akaondoka. Bibi alikuwa amemwachia neno lake, na hakuna aliyelisikia isipokuwa shangazi.

Hosiana alichomeka flashi na kufungua video. Bibi Yunis akaonekana amekaa kitini, kajifunika blanketi mabegani, anatazama kamera. Midomo ikaanza kusogea. Sauti haikutoka. Hosiana akaongeza sauti mpaka mwisho, akachomoa na kuchomeka waya wa spika, akapigapiga hata pembeni mwa kompyuta. Kimya. Kwenye kioo palitokea maandishi madogo ya Kiingereza, akayafunga bila kuyasoma. Kisha akajaribu wimbo wa kwaya, nao ukalia kwa nguvu mpaka mama yake akapiga kelele kutoka jikoni.

"Vipi, inacheza?" baba yake aliuliza wakati wa chakula.

"Inacheza, baba," Hosiana alijibu. Hakuwa amedanganya kuhusu picha.

Kesho yake shuleni alimweleza Jasmine. Walikaa dawati moja tangu darasa la pili, wakagawana kila kitu, kuanzia kalamu mpaka mihogo ya mapumziko. Kaka yake Jasmine, Geofrey, alikuwa na kibanda karibu na stendi, anawarushia watu nyimbo na muvi kwenye flashi na simu. Wateja wake wengi walikuwa madereva wa malori na bodaboda.

"Nipe mimi," Jasmine alisema. "Kompyuta ya kaka ina programu ya kufungua kila kitu. Ataangalia kama sauti imo, basi."

"Ni maneno ya bibi. Hata mimi sijayasikia. Asisikilize mtu mwingine."

"Hosiana! Mimi na wewe? Haki ya Mungu, hasikilizi mtu."

Hosiana akampa. Jioni baba yake alipouliza flashi iko wapi, alisema iko kwenye droo. Alisema haraka, kisha akainuka kwenda kuangalia maharage ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Jumatano Jasmine aliirudisha. "Sauti imo, tena safi kabisa," alisema. "Ubovu ni programu yenu. Weka nyingine. Tafuta kwenye intaneti, utaona kitufe kikubwa cha kijani, bonyeza."

"Wewe umewahi kuweka?"

"Mara ngapi!" alisema Jasmine, ambaye nyumbani kwao hapakuwa na kompyuta, na ile ya kibandani hakuruhusiwa kuigusa.

Hosiana akaomba simu ya mama yake, akaunganisha intaneti, akatafuta. Vitufe vya kijani vilikuwa vingi, akachagua kikubwa kuliko vyote. Kila dirisha lililojitokeza alilikubali, kwani lilikuja na neno la kubonyeza na yeye akabonyeza. Alipomaliza, kompyuta ilijaa matangazo ya michezo ya kubahatisha na dawa za kupunguza mwili. Ukifunga moja yanakuja mawili. Hata zile nyimbo za kwaya zikagoma. Alizima, akarudisha kitambaa, akaenda kulala bila kula.

Lakini hilo lilikuwa dogo.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, alipita karibu na kundi la wavulana nyuma ya darasa. Mmoja wao, Kefa, alikuwa ameinama, kajifunika sweta kichwani, anatetemesha mkono.

"Kamwene!" Kefa alisalimia kwa Kibena, kwa sauti ya kizee. "Nguruwe wako nimemlisha mpaka amenizidi ukubwa. Njoo umchukue kabla hajanikalia!"

Wavulana wakaanguka kwa kicheko. Hosiana naye alitabasamu, maana Kefa alijua kuigiza. Kisha Kefa akamwona.

"Eti Hosiana, bibi yako alikuwa na nguruwe mkubwa hivyo?"

"Bibi yangu?"

"Si ndiye yuko kwenye mlio wa simu! Bodaboda wote wa stendi wanao. Jasmine kasema ni bibi yako."

Hosiana alisimama pale pale. Tangu Jumatatu alikuwa ameona midomo ya bibi yake ikisogea bila kujua inasema nini. Sasa alijua, na aliyemwambia ni Kefa aliyevaa sweta kichwani. Dunia nzima ilikuwa imemsikia Bibi Yunis kabla ya mjukuu wake.

Alimkuta Jasmine akila muhogo. Alikuwa amemwekea kipande chake, kama kawaida.

"Uliniapia," Hosiana alisema.

Jasmine hakuuliza kuhusu nini. "Si mimi. Ni kaka. Alisema kile kipande kinachekesha, akakikata, akaharakisha sauti, akaongeza mlio wa nguruwe. Watu wanakipenda."

"Na nani alimwambia Kefa kwamba ni bibi yangu?"

Jasmine akatazama chini. "Nilisema tu. Wote walikuwa wanacheka, nikaona..." Halafu akainua kichwa, ghafla akawa mkali. "Kwani flashi niliiba? Si ulinipa mwenyewe?"

Neno lile lilimuuma Hosiana kuliko mlio wa simu. Lilimuuma kwa sababu lilitoka kwa Jasmine, na kwa sababu lilikuwa kweli. Aliondoka bila kuchukua muhogo. Mchana huo alimwomba mwalimu wa darasa, Mwalimu Hyasinta, ruhusa ya kubadili dawati, na alipoulizwa sababu akaangua kilio. Akasema yote.

Jioni ilibidi ayaseme tena kwa baba yake, na hapo ilikuwa vigumu zaidi. Mzee Nathanieli alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikuuliza flashi iko wapi," alisema.

"Ndiyo, baba. Nilidanganya."

Hakumpiga wala kumfokea. Alivaa koti, akamwambia amfuate mpaka stendi. Geofrey, kijana mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma, alipowaona alianza kuhangaika na nyaya zake.

"Shikamoo, mzee. Nimeshakifuta kile kipande. Angalia hapa, hakipo."

"Marahaba. Na kwa wale uliowapa?"

"Mzee, hapo... wanarushiana wenyewe. Mimi sina namna."

Wakati huo huo simu ililia kwenye mfuko wa bodaboda mmoja upande wa pili wa barabara. Nguruwe akakoroma, sauti nyembamba ya kizee ikaita, watu wakacheka. Mzee Nathanieli alisimama akisikiliza sauti ya mama yake mpaka yule bodaboda alipopokea simu. Njiani kurudi nyumbani alitangulia kwa hatua ndefu, na Hosiana alitamani angempiga tu yakaisha.

Ijumaa jioni Mwalimu Hyasinta alifika nyumbani kwao. Kabla ya kugusa chochote, alihamisha nakala ya video ya bibi kwenye kompyuta yake ndogo.

"Kitu ambacho hakina mwenzake hakijaribiwi," alisema. "Kwanza nakala, ndipo ufundi. Haya, nieleze ulichokiona kabla ya hivi vitufe vya kijani."

"Picha ilionekana, mwalimu, sauti haikutoka. Lakini nyimbo zililia."

"Nyimbo zililia, kwa hiyo spika ni nzima. Sauti ilitoka kwa Geofrey, kwa hiyo video haijaharibika. Imebaki nini?"

"Programu."

"Sauti zinahifadhiwa kwa namna nyingi. Kamera ya yule mpiga picha ilihifadhi kwa namna ambayo programu yenu ya zamani haiijui. Yale maandishi ya Kiingereza uliyoyafunga yalikuwa yanakwambia hilo hilo. Siku nyingine soma, hata kama ni kwa kamusi."

Waliondoa programu za matangazo, moja baada ya nyingine, kisha wakatafuta virusi. Ndipo mwalimu akamwambia Hosiana aandike mwenyewe anwani ya tovuti ya watengenezaji wa VLC, programu ya kuchezea video, si kubofya tangazo la kwanza lililojitokeza. Kila dirisha lilipokuja Hosiana alilisoma kwa sauti kabla ya kukubali. Halikuwa jambo la haraka, na chai ilipoa mezani.

Walifungua video. "Kamwene," Bibi Yunis alisalimia, sauti yake ikajaa sebuleni. Mwalimu Hyasinta akaisimamisha papo hapo.

"Inatosha," alisema. "Yaliyobaki hayanihusu. Ni ya kesho."

Jumamosi, baada ya ibada ya kaburini, ndugu walijaa sebuleni. Mlangoni alikuja mama yake Jasmine na watoto wake wawili kuomba radhi, kama inavyopasa. Mzee Nathanieli, aliyekwisha kumweleza Haruni habari yote, aliwakaribisha wakae. Geofrey alikuwa amevua kofia. Jasmine alikaa karibu na mlango, akimtazama Hosiana, lakini Hosiana hakumtazama.

Video ikaanza. Bibi Yunis alisalimia, akambariki kila mtoto, kisha akavuta blanketi.

"Haruni mwanangu. Nguruwe wako nimemlisha mpaka amenizidi ukubwa. Njoo umchukue kabla hajanikalia."

Ndugu wakacheka huku wakifuta macho, maana ndivyo alivyokuwa. Bibi naye akacheka, akakohoa, akaendelea.

"Najua unaona haya kuja mikono mitupu. Usione haya. Nguruwe huyu nilimfuga ili niwe na kazi ya kufanya nikikungoja. Safari ni ndefu, najua. Hata nikiwa nimeshaondoka, wewe njoo tu. Kwangu hujachelewa."

Hosiana alisikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. Hayakuwemo kwenye mlio wa simu. Baba mdogo Haruni alifunika uso kwa mikono, akalia. Watu walimwacha alie.

Alipotulia alisema, "Alhamisi nilikuwa Tunduma, kwenye foleni ya malori. Simu ya kijana mmoja ikalia. Nguruwe anakoroma, halafu sauti imeharakishwa, nyembamba kabisa. Tukacheka wote. Nikamwambia, hebu rudia."

"Nilicheka sana," Haruni alisema. "Sikujua ni mama."

Jasmine akaanza kulia pale mlangoni. Geofrey akawa anaikunjakunja kofia yake. Haruni aliwatazama bila hasira.

"Nimewasamehe. Ila sikilizeni, na wewe Hosiana usikilize. Maneno yale yalikuwa yangu, niliachiwa mimi. Hosiana, hayakuwa yako ya kumpa mtu kabla ya kuuliza, na ulipoulizwa ungesema kweli siku ile ile tungewahi kumzuia Geofrey. Jasmine, uliaminiwa kutunza, ukagawa ili watu wacheke na wewe. Geofrey, ulikata ukaacha kipande chenye maana. Programu mbaya mmeiondoa jana kwenye kompyuta na imetoka. Hiki kitaendelea kulia kwenye simu za watu nisiowajua, na kila kikilia nitakisikia."

Wageni walipoanza kuondoka, Jasmine alimsogelea Hosiana ukumbini.

"Nisamehe," alisema.

"Nimekusamehe," Hosiana alijibu, na alimaanisha.

"Jumatatu utarudi kwenye dawati letu?"

Hosiana alifikiri. Angeweza kusema ndiyo ili yaishe, lakini wiki hiyo alikuwa amechoka kusema mambo ili yaishe.

"Bado," alisema. "Sijui lini."